Barua ya wazi kuhusu karatasi iliyolala chini ya godoro

Kwa Mheshimiwa Gavana wa Kaunti ya Mombasa. Kwa wasimamizi wa idara ya afya ya kaunti. Kwa wawakilishi wadi wa Likoni na wa kaunti nzima. Na kwa wenzenu wa Wizara ya Afya, Nairobi.

Salamu kutoka ng'ambo ya feri.

Mimi ni mhamasishaji wa afya ya jamii hapa Likoni. Jina hilo tulipewa juzijuzi tu. Kabla ya 2023 tulikuwa wahudumu wa kujitolea, na mtaani kwangu hakuna anayetumia hili wala lile. Watoto wananiita daktari, ingawa nawakataza. Wazee wananiita mwanangu. Kuna mzee mmoja, fundi wa vyombo vya baharini zamani zake, ananiita Mama Mbu, kwa sababu tangu ile chikungunya ya mwisho wa 2017 sijaacha kufunua pipa lake. Nyumba zangu ni kama mia moja. Naijua ya kupigiwa hodi kabla ya adhuhuri, na naijua ya kungojewa mpaka mwenye mji arudi kutoka bandarini.

Naandika kwa sababu ya karatasi.

Bi mkubwa mmoja wa Mtongwe nilimkuta uani, juu ya mbuzi, akikuna nazi. Nikamwambia anawe mikono, akae kwenye kiti chenye mgongo, anyamaze dakika tano. Hizo dakika tano nilijifunza kwa aibu. Zamani nilimpima presha mtu aliyekuwa ndiyo kwanza ametua ndoo ya maji, tena nikafunga ule mkanda juu ya mkono wa buibui. Mashine ikasoma makubwa na mwenzangu akakesha kwa hofu ya bure. Kwa hiyo bi mkubwa huyu nilimpima sawasawa. 178 kwa 104. Nikangoja, nikarudia: 174 kwa 102. Mwenyewe hakuwa akisikia kitu, ila kichwa kinamgonga kidogo jua likiwa kali. Nikajaza fomu ya rufaa, ile MOH 100, nikaandika vipimo vyote viwili na saa zake, nikamwambia karatasi hii ndiyo itakayokusemea huko uendako.

Akaenda kesho yake asubuhi. Kituo sikitaji. Alikaa kwenye benchi hadi adhuhuri, na alipofika dirishani kijana akaishika karatasi, akaigeuza nyuma na mbele, akauliza, "Hii imetoka kwa daktari gani?" Bi mkubwa ni mtu mkweli. Akajibu, "Kwa jirani yangu." Watu kwenye foleni wakacheka. Akaambiwa akaanze foleni nyingine. Akarudi nyumbani.

Wiki mbili baadaye nilipompitia, aliinua pembe ya godoro akanitolea ile karatasi, imekunjwa mara nne. Juu kuna mwandiko wangu. Chini, pale kituo kinapotakiwa kujaza walichoona na walichompa, kisha kunirudishia mimi niliyempeleka, hapakuwa na hata nukta. "Mwanangu," akaniambia, "usinipime tena. Ukinipima unanitia wasiwasi, na dawa hunipi."

Hakusema kwa ubaya. Alinipa na kahawa.

Ilinichukua miezi mitatu kumrudisha kwenye njia. Mwisho nilimpakia tuktuk kwa nauli yangu, nikaketi naye benchini mpaka jina lake likaitwa, na leo anameza dawa, presha imeshuka, tunamshukuru Mungu. Lakini siwezi kuketi benchini na watu wa nyumba mia.

Waheshimiwa, nataka mjue ni kitu gani hasa tunachoingia nacho kwenye nyumba za watu. Mnadhani ni begi la vifaa. Begi ni la juzi. Tunachoingia nacho ni uso. Mtu ananifungulia mlango kwa kuwa mwanawe alicheza na wangu, kwa kuwa nilikuwa naye msibani, kwa kuwa anajua yangu ya ndani kama ninavyojua yake. Uso huo hamkutupa ninyi na hauko kwenye orodha ya vifaa, lakini kazi yote ya afya ya msingi mliyoiandika kwenye sheria imejengwa juu yake. Kila rufaa isiyopokelewa inaumega. Kila safari ninayobisha hodi na mashine ya sukari isiyo na vijiti vyake vya kupimia, nimemega kipande kingine. Na nikishaishiwa uso, hata mkinipa begi la dhahabu nitasimama nje ya mlango.

Begi lenyewe, niwe mwadilifu, lilitubadilishia kazi. Tarehe 25 Septemba 2023 Rais William Ruto alipotuzindua Uhuru Park kule Nairobi, wahamasishaji wapatao laki moja wa nchi nzima, sisi wa zamani tulijua tunaona kitu kipya. Miaka mingi tulikuwa tukizunguka na mdomo na daftari. Sasa tuna mashine ya presha, ya sukari, kipimajoto, mizani, utepe wa kupima mkono wa mtoto, na simu ya kazi. Mwaka huohuo ikaja Sheria ya Afya ya Msingi na sisi tumo ndani yake. Sikuja kulalamika kwamba hamkufanya kitu.

Ila kwenye begi mna vitu vya aina mbili: vinavyoisha na visivyoisha. Nikipenda kimoja kuliko vyote ni ule utepe wa mkono. Hauna betri, hauna chaji. Mtoto wa miezi sita hadi miaka mitano unauzungusha mkononi, na mama anajionea mwenyewe: kijani, mkono una sentimita 12.5 au zaidi. Manjano, chini ya hapo. Nyekundu, haujafika 11.5, na hapo hatungoji kesho. Hakuna mama aliyewahi kunibishia rangi nyekundu. Utepe ule nimeutumia tangu nilipoupata na utazikwa nami.

Mashine ya sukari ni habari nyingine. Bila stripu, vile vijiti vyembamba vya kuwekea tone la damu, ile mashine ni kidude cha kuchezea watoto. Kijiti kimoja, mtu mmoja, mara moja, basi. Na kila aina ya mashine ina vijiti vyake. Siku moja nilikwenda duka la dawa na pesa zangu mfukoni, nikanunua chupa ya stripu, nikafika nyumbani haziingii. Aina nyingine. Ziko kwenye droo mpaka leo. Halafu kuna unyevunyevu wetu huu wa pwani: chupa ikishafunguliwa haikai milele, na ukiiacha wazi jikoni vijiti vinaharibika na majibu yake huyaamini tena. Kwa hiyo ukituletea vingi kwa mpigo mmoja kisha ukapotea mwaka mzima, umetupa pesa baharini. Tunataka vichache, mara kwa mara, vya mashine tulizonazo.

Na wakati upo. Waulizeni wenyeji. Mwezi wa Shaaban ndio mwezi wetu mkubwa wa sukari. Wagonjwa wanataka kufunga Ramadhani, na wengine watafunga hata ukiwakataza. Hawamwambii daktari, wanaogopa kugombezwa. Sisi tunawajua. Tunajua nani anachoma sindano, nani anameza vidonge, nani mwaka jana alizimia kabla ya futari akalazwa. Huyo anatakiwa aonane na daktari kabla ya mwezi kuandama, apangiwe dawa upya kwa saa za futari na daku, aambiwe wazi kwamba sukari ikishuka anafungua bila kungoja adhana, na kwamba kutoboa kidole kupima hakumfunguzi mtu saumu. Hilo la mwisho ni muhimu kuliko mnavyodhani, wengi wanaacha kupima kwa sababu hiyo tu. Kazi hii yote ni ya mlangoni, hospitali haiwezi kuifanya. Sasa nieleze, kwa nini Shaaban inanikuta na chupa tupu?

Mtu atasema: hawa si wauguzi, watakosea. Tunakosea kweli, nimeshawaambia habari ya mkono wa buibui. Ndiyo maana tunataka mafunzo ya kurudiarudia, hata siku moja kwa miezi mitatu, na msimamizi wetu aje tupime naye nyumba mbili tatu aone mikono yetu inavyofanya. Kuna mambo, hata hivyo, ambayo aliyesoma chuo hayaoni na sisi tunayaona. Mgonjwa wa kifua kikuu, kwa mfano. Matibabu yake ya kawaida ni miezi sita, na hatari iko mwezi wa pili au wa tatu, mtu anapojisikia mzima, kikohozi kimekatika, anaanza kuruka dawa. Hapo ndipo ugonjwa unapojifunza kuzishinda dawa. Kazi yangu ni kupita. Lakini nikipita na fulana ya kazi yenye maandishi mgongoni, nyumba tatu za jirani zimeshajua. Kwa hiyo siku ya kwenda huko navaa kanga zangu, nabeba kikapu kama ninayekwenda sokoni, na dawa inamezwa tukizungumza bei ya samaki. Wakubwa fulani walikuja kututembelea wakaniuliza kwa nini siko kwenye sare. Niliwaangalia tu.

Na maji. Mombasa mnajua wenyewe maji yanavyokuja: siku yakija tunajaza, siku yasipokuja tunanunua dumu la lita 20 kwa mkokoteni. Hakuna nyumba isiyokuwa na pipa, tangi, sufuria kubwa, ndoo nne. Mbu wa dengi na chikungunya hataki mtaro mchafu, anataka maji safi yaliyotulia ndani ya nyumba yako, na anauma mchana, kwa hiyo chandarua cha usiku hakikuokoi naye. Ninapofunua pipa namulika na tochi ya simu pembeni: viluwiluwi vinashtuka vinazama. Watu huniambia, basi nitamwaga. Kumwaga hakutoshi. Mayai yananata kwenye ukuta wa pipa na yanaweza kukaa makavu miezi, yakingoja maji yarudi. Lazima usugue, kisha ufunike kwa kitambaa kilichofungwa kamba. Na homa yenyewe ikishika, ninachokimbilia kuwaambia ni kwamba wasinunue dukani zile dawa kali za maumivu ya viungo. Kwenye dengi zinaweza kuzidisha kutokwa damu. (Chikungunya, nilijifunza kwenye semina, ni neno la Kimakonde, linasema habari ya mtu aliyekunjika. Ugonjwa ulitambuliwa kwao, Tanganyika, mwaka 1952. Waliouugua mtaani kwangu hawakuhitaji tafsiri. Walikuwa wakitembea wameinama kama wanaotafuta sarafu chini.)

Haya ya mapipa hayaonekani kwenye ripoti. Mtoto asiyeugua hana fomu.

Nikija kwenye ripoti: kila nyumba naiingiza kwenye simu, kwenye eCHIS, mfumo wa kielektroniki wa taarifa za afya ya jamii. Nikikosa bando inangoja, nikipata inaondoka. Inakwenda wapi sijui, kwa maana hairudi. Zamani za daftari kulikuwa na ubao, MOH 516, ubao wa chaki kabisa, na tulipokuwa na chaki tuliandika: watoto wangapi, wajawazito wangapi, nyumba zenye choo ngapi. Wazee wa mtaa walisimama wakausoma, wakabishana, na nakumbuka choo kimoja kilichochimbwa kwa sababu ya aibu ya ubao ule. Leo takwimu zetu zinasomwa na watu wasiopajua Shika Adabu ni wapi, na sisi wenye nazo hatuzioni. Turudishieni. Si lazima ubao. Karatasi moja kwa mwezi kwa kila kitengo cha afya ya jamii, ibandikwe kwa chifu na kwenye zahanati.

Habari ya SHA, ile mamlaka ya bima ya afya ya serikali, nitaisema kwa ufupi, maana najua ni moto. Tangu Oktoba 2024 tumesajili watu wengi, tena kwa hiari, kwa kuwa tuliamini na bado naamini kwamba huduma za zahanati na kituo cha afya bila malipo kwa aliyejisajili ni jambo la maana. Ombi langu ni moja: kusajili, ndiyo; kuwafuata watu mlangoni kuwauliza kwa nini hawajalipa mchango, hapana. Mama muuza viazi karai anayeambiwa alipe angalau shilingi 300 kwa mwezi ana maswali yake, na maswali hayo yana ofisi yake. Siku nitakayoonekana mdai, nitaambiwa "hayupo" na mtu ninayemsikia anakohoa ndani.

Na posho. Shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu ya serikali ya kitaifa, nusu ya kaunti. Gawanyeni kwa nyumba mia: shilingi 50 kwa nyumba, mwezi mzima, nauli na viatu vyangu humo humo. Sitaki leo kupigania kiwango, ingawa wenzangu watanigombeza kwa kusema hivyo. Napigania tarehe. Nusu mbili zinazotoka mifuko miwili haziwezi kuja kila moja kwa saa yake kisha mtu akapanga ada ya mtoto. Kaeni nyinyi wawili mkubaliane siku, mtutangazie, tuijue kama tunavyoijua siku ya kodi ya nyumba.

Mnisamehe nirudi kwenye karatasi, maana ndiyo iliyonikalisha hapa usiku huu. Likoni pekee, kwa sensa ya 2019, ni watu 250,358. Wanaohitaji kwenda Makadara, hospitali kuu ya rufaa ya Pwani, lazima wavuke maji. Mwenye presha au uchungu wa kuzaa haangalii feri imejaa au haijajaa. Kila anayetibiwa huku ng'ambo mapema ni mmoja asiyevushwa usiku wa manane. Rufaa yangu ikipokelewa, watu wengi hawatafika huko kabisa. Kinachotakiwa ni kidogo mno mpaka naona haya kukiandika kwenye barua kwa Gavana: mtu mmoja katika kila kituo, mwenye jina na nambari ya simu, ambaye kazi yake ya asubuhi ni kupokea waliotumwa na sisi, na ile sehemu ya chini ya fomu ijazwe, irudi. Awe muuguzi, awe karani, si kitu. Akiniandikia maneno matatu, "ameonekana, amepewa dawa, arudi tarehe fulani," mimi nitahakikisha amerudi. Hiyo ndiyo kazi mliyoniajiri, na sasa naifanya gizani.

Kuhusu vijiti na betri, pesa msiseme hazina njia. Sheria nyingine ya 2023, ile ya fedha za kuboresha vituo, imeviruhusu vituo vya umma kubaki na mapato vinavyokusanya. Begi la mhamasishaji lihesabiwe kuwa ni chumba cha kituo hicho, lijazwe kutoka stoo ileile. Na kwa wawakilishi wadi: makadirio ya bajeti ya kaunti yanatakiwa yafike mbele yenu kabla ya Aprili kwisha. Nitakuja kwenye kikao cha maoni ya wananchi, nitakaa viti vya mbele, nitauliza mstari wa stripu uko ukurasa gani. Msinione adui siku hiyo.

Kesho nina nyumba sita, zote upande wa Timbwani. Vijiti nilivyobaki navyo ni vinne. Kimoja ni cha mama mjamzito ambaye sukari ilimpanda mimba iliyopita, viwili ni vya mtu na mkewe waliobadilishiwa dawa mwezi uliopita. Cha nne nimekitenga kwa ajili ya bi mkubwa wa Mtongwe, kwa sababu wiki iliyopita, alipokuwa akinisindikiza mlangoni, alisema ana kiu sana siku hizi na usiku anaamka mara nne, na akauliza yeye mwenyewe kama naweza kumpima.

Wenu katika kazi,
Mhamasishaji wa afya ya jamii,
Likoni, Mombasa